Mama, Mheshimiwa na Fundi wa Chumba cha Mbele

Mama yangu alipenda mara mbili maishani. Mara ya kwanza alimpenda baba. Mara ya pili, akiwa mjane mwenye wajukuu na miguu inayovimba, alimpenda mwanasiasa. Picha ya kampeni ya huyo bwana aliibandika sebuleni, na kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko fremu ya baba, ilibidi baba asogezwe. Nilipofika nyumbani Muyeye, Malindi, Jumamosi moja nikamkuta marehemu kahamishiwa karibu na mlango wa jikoni, anakula moshi. Nilikasirika kwa niaba yake.

"Shikamoo mama," nikasema, macho yangu ukutani.

"Marahaba mwanangu. Usimtazame mheshimiwa hivyo."

"Hajawa mheshimiwa bado. Ni mgombea tu."

"Atakuwa," akasema, kwa sauti ambayo baba hakuwahi kuipata.

Ningecheka nikanyamaza kama mambo yangeishia kwenye picha. Lakini mchana ule, tukiwa tumekaa uani tunachambua mchicha, mama aliniambia kwamba amemtaka fundi ahame. Ahame kabla ya uchaguzi. Alisema hivyo akiwa ameinama, vidole vyake vikiendelea kuchagua majani, na mimi nikadhani sikusikia vizuri.

"Fundi yupi?"

"Kwani tuna mafundi wangapi humu ndani? Mheshimiwa amesema wageni wametukalia, wamekula kila kitu chetu. Amesema kila mwenye nyumba aanzie kwake. Mimi nimeanzia kwangu."

Fundi ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele. Ni mwanamke aliyekuja kutoka bara na cherehani moja na sanduku moja, baba akiwa bado hai, akakaa. Hushona sare za shule barazani kwetu, na mtaa mzima humwita fundi tu. Yeye ndiye anayemfunga mama vitambaa miguuni kila asubuhi, ndiye anayejua dawa ipi huliwa kabla ya chakula na ipi baada. Siku mama alipoteleza bafuni, fundi ndiye aliyemwinua, mimi nikiwa Kilifi nafundisha. Hata ule mchicha mama aliokuwa akiuchambua, fundi ndiye aliyeununua sokoni. Na bara alikotoka hakukuwa na mtu anayemngoja. Mumewe alikwisha kumrudisha kwao, wazazi wake walikwisha kufa, na kipande chao cha ardhi walikwisha kukigawana ndugu zake wa kiume. Akitoka kwetu alikuwa hana pa kwenda ambapo angeitwa kwa jina lolote.

Nilimkuta barazani, mguu kwenye pedeli, akishona gauni la rangi zile zile za chama cha mheshimiwa.

"Hilo la nani?" nikamuuliza, ingawa nilikwisha kuona ukubwa wa kiuno.

"La mama. Ataenda nalo kwa mkutano," akasema bila kuinua kichwa. "Nimemwekea mfuko mkubwa. Si ataniletea hizo ahadi zote? Mimi naweza kuhama na zangu mbili tatu."

Alicheka, nikacheka naye, halafu akakata uzi kwa meno na kugeuza uso upande wa barabara. Nilijisikia vibaya sana.

Sasa, mimi hufundisha nadharia ya siasa chuoni. Muhula ule, kana kwamba Mungu ananitania, mada yangu ilikuwa siasa za umati, zile ambazo mwanasiasa husimama na kusema wananchi safi wako upande huu nami, na waliowadhulumu wako upande ule. Zaidi ya hapo, nilikuwa nazifundisha kwa kupitia elimu ya nafsi, ile inayomlaza mtu kwenye kochi na kumsikiliza mpaka aseme asilolijua. Wako wanafikra walioitoa elimu hiyo kwenye kochi na kuipeleka uwanjani. Wanasema umati haumpendi kiongozi kwa hoja zake. Kila mtu humweka mahali palipo wazi moyoni mwake, mahali pa mzazi, au mahali pa yule ambaye yeye mwenyewe alitamani kuwa. Na kwa kuwa wote wamemweka mtu mmoja mahali pamoja, wanatazamana na kujiona ndugu. Wanasema pia umati wa namna hii hauwezi kukaa bila mwizi. Zamani tulikuwa na raha yetu kamili, kisha fulani akaja akaila. Hakuna anayeuliza kama raha hiyo ilikuwa kamili kweli. Mwizi akishapatikana, maumivu yote hupata wa kuyabeba.

Darasani haya yote yalikwenda vizuri. Wanafunzi waliandika, wakatikisa vichwa. Ni msichana mmoja tu, mtoto wa Kaloleni, aliyeinua mkono akauliza, "Mwalimu, na kama kweli waliibiwa?"

Nilimjibu kirefu sana. Jibu likiwa refu namna ile wanafunzi hujua kwamba mwalimu hana.

Kwa mama nilianza na hoja, kwa sababu hata anayefundisha kwamba hoja hazifui dafu huanza nazo. Nilimwambia mgombea wake alikwisha kushika cheo huko nyuma na hakumpa mtu hata shubiri ya ardhi. "Najua," akasema. Nilimwambia yeye mwenyewe ana mashamba ambayo huwezi kuyamaliza kwa miguu. "Najua. Mtu mkubwa lazima awe na kitu." Nilimwambia fundi hajawahi kumiliki hata mgomba, sasa alichukua nini cha nani? Hapo akaniambia nimepunguza sana mwili, je, nakula vizuri huko Kilifi? Kila nilichomtupia alikipokea kama mtu anayepokea nguo kutoka kwenye kamba, akakikunja, akakiweka kando.

Basi nikajaribu elimu yangu. "Mama, wajua huyu umemweka mahali pa baba?"

"Mahali pa baba yako ni pale karibu na jikoni. Kwani huoni?"



Siku ya mkutano nilikwenda naye. Sikutaka, lakini mama hawezi kutembea mbali bila kushikwa kiwiko, na anayemshika siku zote ni fundi, na fundi asingeweza kufika pale. Uwanja ulijaa. Mheshimiwa alichelewa, kama kawaida yao, na alipopanda jukwaani alianza kwa mzaha kuhusu wageni. Watu wakacheka. Mama, ndani ya gauni lililoshonwa na mgeni, akacheka pia. Nilihesabu hasira zangu zote pale nikaona hazitoshi.

Kisha mheshimiwa akabadilisha sauti. Akaanza kutaja majina ya mahali, vijiji na mashamba ambayo watu wetu waliondolewa, moja baada ya jingine, polepole, kama kasisi anayetaja marehemu siku ya kuwaombea. Kila jina lilipotajwa, watu wa pale waliitikia, "Hapo." Wengine walikuwa wazee waliosimama kwa shida. Hakukuwa na kelele tena. Na mara akataja jina la mahali petu.

"Hapo," mama akasema, na machozi yakamtoka.

Nilikuwa sijamwona mama akilia namna ile hata kwenye mazishi ya baba. Na mimi, mwenye shahada zangu na vitabu vyangu, nilikuta mkono wangu uko juu. Sijui niliuinua saa ngapi. Jina lile sikuwa nimelisikia likitamkwa mbele za watu tangu nilipokuwa mtoto. Kwetu nyumbani lilikuwa halitajwi. Nilijisikia nimetambuliwa, na nilimpenda yule bwana, nawaambia kweli, nilimpenda kwa muda wa kutosha kujua mama anasikia nini.

Halafu akasema waliotunyang'anya ndio hawa tunaopanga nao vyumba, tunaochota nao maji. Mkono wangu ukashuka. Nilimwona anavyofanya. Machozi aliyatoa mahali pa kweli kabisa, kisha akayaelekeza mlangoni kwa fundi. Yule msichana wa Kaloleni alikuwa na haki ya kuuliza. Tuliibiwa kweli, na bado fundi hakuwa mwizi. Haya mawili mimi nilikuwa nikiyaona kama hayawezi kukaa pamoja, ndiyo maana kila nilipomtetea fundi mama alisikia namwambia hatukuibiwa.

Tuliporudi nyumbani sikubishana. Nilimwandalia chai, nikakaa chini mkekani karibu na miguu yake, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. "Siku ile ya kutolewa shambani, wewe ulifanya nini?"

Alikoroga chai mpaka ikaanza kupoa. Kisha akasimulia. Shamba lilikuwa upande wa kaskazini, ukivuka mto, kabla ya kufika Mambrui. Wazazi wa baba walilima pale na wazazi wao kabla yao, na siku moja akatokea mtu mwenye hati. Hayo nilikuwa nikiyajua, ingawa wakati ule nilikuwa mtoto mdogo sana. Nisilolijua ni kwamba mama alikwisha kujifunga kanga kiunoni na kukaa chini mlangoni ili alie, kama mwanamke anavyolia kwenye msiba, na wenzake walikwisha kuanza kukusanyika. Baba alitoka ndani amebeba bati, akasema, "Hapa hakufa mtu. Asilie mtu."

"Basi nikainuka," mama akasema. "Nikafunga vyungu. Baba yako mpaka anaingia kaburini hakulitaja shamba lile, na mimi sikulitaja. Sasa huyu mheshimiwa wako unayemchukia ndiye wa kwanza kuniambia nilie."

Kwetu Wagiriama mtu hafanyiwi msiba mmoja. Msiba tunauita hanga, na liko hanga bichi na hanga bivu. Hanga bichi ni la kuzika, la kulia na kulala chini mikekani. Hanga bivu huja baadaye, pengine mwaka, ukoo ukishajikusanya na chakula kikipatikana. Watu hula, hucheza, waliofiwa hunyolewa, na maisha hurudi. Anayekaa katikati ya hayo mawili bado yumo msibani, hata kama anaonekana akienda sokoni. Baba alifanyiwa yote mawili, vizuri kabisa. Shamba halikufanyiwa hata moja.

Wanafikra wangu wana neno lao kwa jambo hili. Wanasema mtu akipoteza kitu na asikililie, kile kitu hakiondoki, humkalia ndani na kumgeuza. Nilikuwa nimelifundisha hilo miaka na miaka, na mgonjwa wake alikuwa mama yangu, amekaa mbele yangu na kikombe cha chai. Nikaona pia biashara ya yule bwana ilivyo. Kila uchaguzi hutufanyia hanga bichi. Hanga bivu hatalifanya kamwe, kwa sababu watu wakishamaliza msiba huchukua mikeka yao wakaenda nyumbani.

"Mama," nikasema, "twende tukalilie."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimefaulu mtihani. "Ulikuwa wapi siku zote, mwanangu?"

Tulikwenda Jumapili baada ya kanisa, kwa tuktuk ya kukodi. Tulipotaka kuondoka fundi alikuwa amekwisha kukaa ndani, mfuko wa dawa za mama mapajani.

"Wewe unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Siku yangu ya kuhama haijafika. Mpaka ifike mimi ni mpangaji, na mpangaji anaruhusiwa kusindikiza landlady wake. Panda, mama, jua ni kali."

Mama akapanda. Njia nzima hakumtazama.

Palipokuwa shamba sasa pana ukuta mrefu mweupe na geti la chuma. Ndani kuna nyumba kubwa ambayo wenyewe, nasikia, huja mara moja moja. Niliutafuta mnazi hata mmoja ninaoujua, sikuuona. Mama alishuka, akajifunga kanga kiunoni, akakaa mchangani mbele ya ukuta, akanyoosha miguu. Akaanza kulia kwa sauti, kwa maneno, kama inavyopasa. Alilitaja shamba kwa jina lake. Alitaja minazi, kisima, mtoto aliyemzika pale kabla sijazaliwa mimi, ambaye sikuwahi kuambiwa habari zake. Nikakaa kando yake nikalia. Nililia sana.

Tatizo la kulia ni kwamba hakujui kukoma. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, akaendelea bila sauti, mwili ukitikisika, na mimi nikaanza kuiogopa presha yake. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokosekana. Hanga letu haliendi bila watani. Mtani ni mtu wa nje, wa ukoo mwingine au kabila jingine, mwenye ruhusa ya kuwatukana wafiwa na kumwigiza marehemu, na hakuna anayeweza kumkasirikia. Kwenye mazishi ya baba mtani alivaa koti la marehemu, akakaa kitini pake, akadai chai yenye sukari nyingi na kulalamika kwamba ni baridi. Watu walicheka kamasi zikiwatoka. Kazi yake ni hiyo, kuwatoa waliofiwa huko walikozama, kwa sababu wao kwa wao hawawezi kutoana.

Sisi tulikuwa ndugu tupu, mama na mwana, tunazama.

Fundi alikuwa amesimama kando ya tuktuk muda wote. Nilimwona akiweka mfuko wa dawa chini. Akajifunga leso kama mama anavyojifunga, akatanua miguu kama mtu aliyevimba, na akaanza kutembea kuelekea ukutani akiugua, "Aaa, magoti yangu, aaa." Alikuwa mama mtupu. Alipofika akaugonga ukuta kwa kidole.

"Wewe ukuta," akasema, akijitahidi kusema Kiswahili cha Malindi na kukiharibu vibaya. "Nimekupa muda wa kutosha. Uhame kabla ya uchaguzi. Mheshimiwa amesema kila mwenye nyumba aanzie kwake." Akaweka mikono kiunoni. "Na usiniulize utakwenda wapi. Mimi sijui. Kwani fundi nilimwambia aende wapi?"

Mama aliacha kutikisika. Dereva wa tuktuk akatazama pembeni. Nilitamani ardhi inimeze, na hapohapo nilitamani fundi aseme tena.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika upya, na sikujua ni kilio au nini mpaka alipoinua uso. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akalala ubavu mchangani, akampigia fundi ngumi hewani, akasema, "Mshenzi wewe, mimi natembea hivyo?" Fundi akasema anatembea vibaya zaidi ya hivyo, ni vile yeye ana heshima.

Dirisha dogo la geti likafunguka, askari akachungulia. "Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu," mama akamjibu, akijifuta uso. "Tuna hanga."

Yule askari, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya kwetu kabisa, alitutazama, akautazama ukuta, akavua kofia. "Poleni," akasema. Akatuletea maji.

Sijawahi kumuuliza fundi kama siku ile alijua anafanya kazi ya mtani au alikuwa anajitetea tu. Kwenye mazishi ya baba alikuwepo, ndiye aliyepeleka ile chai. Nadhani yote mawili.

Jioni ile fundi alitoa sanduku lake barazani na kulipangusa vumbi, maana uchaguzi ulikuwa karibu na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote jipya. Mama alimtazama kutoka kitini.

"Sanduku la nini?"

"Si ulisema nihame."

"Huwezi kuhama. Mtani aliyefungua hanga hatoki mpaka hanga bivu. Ni mwiko mkubwa."

Mimi nimezaliwa katika mila hizi na nimezisoma pia, na mwiko huo sikuwahi kuusikia popote.  Fundi alilitazama sanduku, akamtazama mama, akalirudisha chini ya kitanda. Baadaye nikasikia cherehani ikikimbia kwa kasi isiyo ya kawaida yake.

Msidhani mama alipona. Siku ya kupiga kura alivaa gauni lake akampigia mheshimiwa, na fundi ndiye aliyemshika kiwiko kwenye foleni. Mheshimiwa alishinda. Redioni bado huyataja yale majina, na mama humsikiliza kwa mapenzi yale yale, ila akifika kwenye habari za wageni mama hupunguza sauti na kusema redio imeanza kukoroma.

Mjomba wangu alituletea mbuzi kutoka Kaloleni kwa ajili ya hanga bivu, ili jambo liishe. Nami nilitaka liishe. Ni mimi ninayewaambia wanafunzi kwamba msiba usiofika mwisho ni ugonjwa. Lakini mbuzi yule tulimfunga uani akaanza kula maganda na mabaki ya kitambaa, akanenepa, akafika mahali hawezi kugeuka bila kugonga ndoo. Mwezi uliopita nilimuuliza mama tumchinje lini, ukoo uko tayari. Mama alimtazama mbuzi. Akatazama barazani, fundi alikokuwa ameinamia sare za watoto, kipande cha uzi mdomoni.

"Bado amekonda," akasema.

Nikamtazama mbuzi vizuri, nikamwambia mama ni kweli, amekonda.